Nilivyoiosha kwa zebaki dhahabu isiyoonekana ya Dokta, pale Kakese

Wakuu, salamu zenu popote mlipo, na nyie wa nyumbani Katavi mnaojificha humu kwa majina ya ajabu, nawajua.

Ninachoandika hapa nimekiona kwa macho yangu mawili. Moja siku hizi lina mtoto wa jicho, lakini wakati ule yote yalikuwa mazima. Sitaongeza chumvi, maana stori yenyewe ina chumvi ya kutosha.

Shule niliishia darasa la tatu. Kwa hiyo atakayekuja kunisahihisha herufi namwambia mapema, apite.

Juzi nimesoma uzi humu, vijana wanabishana kuhusu haidrojeni. Mmoja kasema kuna unga wa nano, umepakwa madini, unauweka kwenye maji juani, unatoa gesi ya kuendeshea magari. Mwingine kamjibu aache kudanganya watu, hizo ni ndoto za Wazungu. Nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akauliza nimeona nini kwenye simu.

Huo unga mimi nimeushika. Miaka ya tisini, Kakese, hapo nje kidogo ya Mpanda mjini.

Sikuushika tu. Niliuosha kwenye karai, kwa zebaki, kama mchanga wa duara, yaani shimo la dhahabu.

Twende taratibu.

Mimi ni Msukuma. Wazazi walihamia huku na ng'ombe. Ng'ombe sikuwapenda, nikaenda machimboni. Nilianza kwa kubeba mawe kichwani, baadaye nikawa na duara langu mwenyewe. Dhahabu ikanipa mashine ya kusaga, nikaifunga Kakese. Ikanipa nyumba ya bati Ilembo wakati majirani wote wana nyasi. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Sisemi hivi kujisifu. Au tuseme ndiyo, najisifu, lakini mnapaswa kujua kichwa changu kilivyokuwa ili muelewe mbele ya safari.

Wakati ule Katavi ilikuwa bado ndani ya Rukwa, na dizeli ilikuja kwa treni. Mvua ikikata reli, mashine zote zinanyamaza. Akina mama wanatoka mbali na debe la mahindi kichwani, wanakuta nimekaa juu ya kinu natafuna muwa. Hakuna kilichokuwa kinaniuma kama mama mwenye mtoto mgongoni kuniambia kwa upole, "Haya baba, tutatwanga."

Heri angenitukana.

Basi mwaka mmoja, mvua zimeshika, reli imekatika, akaja Dokta.

Siyo daktari wa sindano. Ni wa kusoma. Mpimbwe wa Kasansa, baba yake nilichimba naye duara moja. Siku baba yake alipofukiwa na kifusi, mimi ndiye niliyemtoa, na hakuwa hai. Kijana akasomeshwa na mapadre, akaenda ng'ambo, akarudi na miwani na kopo moja. Mimi aliniita baba, na sikuwahi kumkataza.

Hilo kopo ndilo lenye uzi huu.

Ndani yake kulikuwa na unga mweupe, mwepesi kama wa muhogo uliochekechwa mara mbili. Ilimchukua miaka kuutengeneza huko, na hapa nchini hakuwa na vyombo vya kutengeneza mwingine. Kuna wageni walikuwa waje kuuona ukifanya kazi kwenye jua letu. Wakiridhika, wanamjengea chumba cha utafiti hapa nchini. Wasiporidhika, project inafungwa, anarudi ng'ambo. Na mama yake alikuwa Kasansa, mzee, peke yake, ameshaanza kuchanganya majina ya watu.

Alitaka kwangu kwa sababu nilikuwa na uwanja wa sementi, uzio, na stoo yenye kufuli. Mimi nilitaka kwa sababu alisema siku moja mashine yangu itasaga kwa maji na jua. Tukaelewana kabla chai haijapoa.

Alinieleza hivi. Unga unawekwa kwenye maji. Jua likiupiga, unayavunja maji, gesi inatoka, gesi inawaka. Ila unga peke yake ni mvivu. Ndiyo maana ameupaka chembe za dhahabu. Dhahabu inaukusanya ule umeme mdogo uliozaliwa na jua, usipotee bure. Hapo unga unachangamka.

"Dhahabu?" nikamuuliza.

"Ndiyo baba."

"Iko wapi?"

"Imo humo kwenye unga. Haionekani."

Wakuu, nilikuwa nimeishi na dhahabu miaka mingi. Nimeiona ya punje, ya unga, ya kung'ang'ania kwenye jiwe. Kuna watu walinipa mchanga walioutupa wao, nikautolea dhahabu. Huyu naye ananiambia haionekani.

"Chembe yake ni ndogo kiasi gani?"

Akafikiri. "Chukua unywele mmoja wa kichwani kwako, baba, uupasue mara maelfu."

"Mimi nina kipara."

Akacheka, nami nikacheka, lakini mimi sikuwa nacheka.

Halafu ikaja habari ya gongo. Sijui kama wale vijana wa uzi ule mwingine mnalijua hili. Unga ule ukiuweka kwenye maji matupu unafanya kazi kwa kusuasua. Unataka kitu cha kula huku ukivunja maji, na pombe kali inafaa. Dokta alikuwa amezoea spiriti safi ya maabara. Yake ilivunjikia njiani. Akaniuliza kwa aibu kama huku kuna kitu cha namna hiyo.

Kakese, unauliza kama kuna gongo.

Tatizo mke wangu ni mlokole. Chupa ilipoingia uwanjani akasimama mlangoni.

"Baba Shija, hiyo ni ya nani?"

"Ya unga."

"Unga unakunywa gongo?"

"Kijiko kimoja asubuhi," Dokta akajibu, bila hata kutabasamu. Alikuwa kijana wa kweli sana.

Kesho yake kanisani waliniombea, kwa jina.

Fundi wangu wa mashine aliitwa Nestori. Mrundi wa makazi ya wakimbizi, siku hizi ni raia kama mimi, mikono yake ilijua injini kuliko kichwa chake kilivyojua kunyamaza. Yeye ndiye aliyeniharibu. Nikiwa nalalamika kuhusu dhahabu isiyoonekana, mbele ya akina mama waliokuja kuangalia kama dizeli imefika, akasema:

"Mzee, labda hiyo ni dhahabu ya walokole. Unaiona kwa imani."

Akina mama wakaangua kicheko.

Nikasema, na nilisema kwa sauti, "Hakuna dhahabu iliyowahi kunificha uso. Kama imo, nitaitoa. Kama haimo, mtoto wa mwenzangu ametapeliwa na Wazungu."

Ukishasema kitu hivyo mbele ya watu huku, umeshafunga ndoa nacho.

Siku moja kabla ya wageni, Dokta aliandaa kila kitu. Kulikuwa na chupa kubwa ya kioo, inaingia kama ndoo moja hivi. Akaumimina unga wote humo, kopo likabaki tupu, akaongeza maji na gongo, maji yakawa meupe kama maziwa. Akaziba kwa kizibo chenye mrija. Mrija unapeleka gesi kwenye chupa ndogo iliyopinduliwa ndani ya beseni la maji. Halafu akaifunika ile chupa kubwa kwa blanketi zito, isianze kazi kabla ya kuonwa. Akaniachia ufunguo wa stoo.

"Baba, hiki ndicho nilicho nacho," akaniambia. Akapanda baiskeli kwenda Mpanda mjini kuwapokea wageni.

Nilikaa pale kama robo saa. Nawaapia, robo saa nzima nilijizuia.

Kisha nikachukua karai.

Nyie wa mjini niwaeleze. Mchanga wa dhahabu unaoshwa kwenye karai, unatingisha, uchafu unatoka na maji, kizito kinabaki chini. Kisha unatia zebaki, inaikamata dhahabu, inakuwa donge. Donge unalichoma, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Kazi hiyo naweza kuifanya nimefumba macho. Moshi wake ni sumu, msiige, wengi wetu sasa mikono inatetemeka.

Nia yangu haikuwa kuiba. Nilitaka kuitoa, kuwaonyesha akina mama na Nestori, kisha nimrudishie Dokta aipake tena. Nilidhani inapakwa kama siagi.

Nikayamimina yale maji meupe kwenye karai, nikaosha. Nikatia zebaki. Nikasugua na kusugua, nikaikamua kwenye kitambaa. Nikaichoma juu ya beleshi, nikasimama upande wa upepo.

Beleshi likabaki jeusi. Hakuna kitu. Hata doa la kumdanganya mtoto.

Nestori akachungulia. "Mzee, imani yako ni ndogo."

Hapo ndipo kichwa changu kilipofanya hesabu yake ya darasa la tatu. Dhahabu haimo. Kama haimo, Dokta ametapeliwa. Kesho atasimama mbele ya wageni na chupa isiyofanya kitu, ataaibika, atarudi ng'ambo, na mama yake atazikwa na watu baki. Na baba yake mimi ndiye niliyemtoa kwenye kifusi.

Haikunipitia hata dakika moja kwamba aliyekosea ni mimi.

Nikaamua kumwokoa.

Zamani nilipokuwa nachaji betri za redio za watu, niliwahi kumwaga maji ya betri kwenye ndoo ya bati. Ndoo ilichemka yenyewe bila moto, ikatoa mapovu mengi. Na jamaa mmoja aliyekuwa anavuta sigara karibu, yale mapovu yakamwakia puu, nyusi zikaondoka. Kwa hiyo nilijua gesi inayowaka inapatikanaje. Sikujua kama ndiyo haidrojeni ile ile. Kumbe ndiyo hiyo hiyo, jamaa.

Ndoo ya zamani nilikuwa nayo. Maji ya betri sikuwa nayo, betri yangu ilishakauka.

Jioni wageni wakaingia na gari lao, Dokta na baiskeli yake humo ndani. Walikuwa watatu. Mama mmoja wa Kizungu mwenye kofia pana, aliyekaa Sumbawanga miaka mingi, Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Bwana mmoja mnene wa ofisini, mwenye kalamu tatu mfukoni. Na dereva. Wakaenda kulala kwenye nyumba ya walimu. Gari likaachwa uwanjani kwangu kwa sababu ya uzio.

Mmeshaanza kuona inapokwenda.

Asubuhi kabla ya chai, nikafungua boneti yao.

"Mzee, weye," Nestori akasema nyuma yangu, "hii ni gari ya watu."

"Ninayavuta kidogo tu. Nawarudishia maji."

"Maji gani?"

"Ya kisima."

Akanitazama. Kisha akanishikia jagi. Ndiyo maana nasema fundi mzuri ni adimu.

Tukarudi stoo. Maji meupe tuliyapata kwa unga wa muhogo. Tukatia maji ya betri, na vipande vya ndoo nikavidondosha mwishoni kabisa, niliposikia sauti za wageni njiani. Nikaziba, nikafunika blanketi, nikatoka nje nikisafisha meno na kijiti kama mtu asiye na habari.

Siku hiyo mbingu ilikuwa nzito, mawingu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Dokta aliangalia juu, uso ukamshuka. Akawaambia wageni ukweli wake, "Bila jua inawezekana tusione kitu. Naomba mnivumilie mpaka litoke."

Nikamgonga bega. "Toa blanketi, mwanangu."

Akatoa.

Wakuu, ile chupa ilikuwa inachemka kama sufuria ya makande. Mapovu yanagombania kutoka. Chupa ndogo kule kwenye beseni ilishajaa gesi na kupindukia. Watu wote wa Kakese waliokuwa kwenye uzio wakasema "eeeh" kwa pamoja. Yule bwana mnene akapiga makofi kabla hajajua anapigia nini.

Dokta hakupiga makofi. Alikuwa anaitazama chupa kama mtu aliyekuta ng'ombe wake anaongea.

Yule mama wa Kizungu akauliza kwa sauti ya kawaida, "Na ukiifunika?"

Ni swali zuri, nililielewa baadaye. Kama kazi inafanywa na mwanga, ukiondoa mwanga lazima kazi ikome. Dokta mwenyewe alikuwa amenieleza, ndiyo shahidi wake mkubwa. Na mimi nilikuwa nimesahau.

Akarudisha blanketi. Tukasubiri.

Mapovu kwenye beseni yakaendelea. Nadhani hata yaliongezeka, lile blanketi liliongeza joto.

"Inafanya kazi hata gizani," bwana mnene akatangaza, akachomoa kalamu. "Dokta, hii ni zaidi ya ulivyotuandikia."

Akina mama wakapiga vigelegele. Mmoja akaniuliza kwa juu ya uzio kama alete mahindi yake leo leo.

Dokta akainama, akatoa kizibo, akanusa. Akaingiza fimbo, akavuta nje kipande cha ndoo, kikiwa bado na alama ya rangi ya ndoo. Akakitazama. Kisha akageuka polepole, akanitazama mimi, kwa sababu ufunguo ulikuwa kwangu.

Nikajua sasa ananitaja.

Akavua miwani. Akawaambia, "Samahani sana. Hiki si kitu nilichokitengeneza. Kuna kosa limetokea upande wangu."

"Acha unyenyekevu," bwana mnene akasema. "Mnakuwa hivyo nyie wasomi."

"Si unyenyekevu, mheshimiwa. Hii ni tindikali na bati. Mwanafunzi wa sekondari anaweza. Kosa ni langu."

Upande wangu, alisema. Kosa langu, alisema. Wala hakunyoosha kidole.

Makofi yakafa. Yule mama akafunga daftari. Bwana mnene uso ukabadilika, akaanza kusema maneno ya udanganyifu, na kupoteza muda wa watu, na barabara waliyosafiri.

Mimi katika maisha yangu sikuwahi kuomba radhi. Si kwa mke, si kwa polisi, si kwa padri. Niliona mtu aliyetoka chini peke yake hana wa kumwomba radhi. Lakini yule kijana alisimama pale na kipande cha ndoo yangu mkononi, akibeba kosa langu kama vile baba yake alivyokuwa akibeba gunia langu nikichoka. Hata mabega ni yale yale.

Nikapanda juu ya gunia la pumba, maana mimi ni mfupi.

"Sikilizeni," nikasema. "Kijana hana kosa. Unga wake nimeuosha mimi. Alisema una dhahabu, nikabisha, nikauosha kwa zebaki sikuona kitu. Nikadhani ametapeliwa, nikaogopa ataaibika. Hicho kinachochemka ni ndoo yangu. Mimi ndiye niliyemwaibisha. Naomba radhi."

Nestori akadakia kule nyuma: "Na unga wa muhogo, mzee. Usiache."

"Na unga wa muhogo."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bwana mnene hakucheka. Akasema twendeni, wakaenda kwenye gari, dereva akawasha.

Gari likatoa sauti kama mtu anayekohoa usingizini. Mara ya pili, sauti ndogo zaidi. Mara ya tatu, kimya.

Ikabidi nipande kwenye gunia tena.

"Na betri pia ni mimi," nikasema.

Tulisukuma lile gari. Kijiji kizima kilisukuma. Matope ya Kakese mnayajua, magurudumu yakazama mpaka katikati. Nestori akatumwa na baiskeli kwenda mjini kutafuta betri nyingine, na mimi nilijua hatarudi kabla ya jioni. Wageni wakakaa kwenye benchi la wasagishaji. Mke wangu akawaletea uji. Bwana mnene alikunywa akiwa amenipa mgongo.

Dokta alikaa peke yake sakafuni stoo, na kopo tupu magotini.

Yule mama wa Kizungu akanifuata. Akaniuliza polepole, "Mzee, ule unga baada ya kuuosha uliumwaga wapi?"

Hapo niliudhika kweli, nikasahau kwamba mimi ndiye mkosaji.

"Mama, mimi ni mchimbaji. Mchimbaji hamwagi marudio."

Kwa wasiojua, marudio ni ule uchafu unaobaki baada ya kuosha. Machimboni hatuumwagi kamwe. Tunaulimbika, kwa sababu leo hukuona kitu, kesho unaweza kuona. Ni tabia tu, mkono unafanya wenyewe. Yale maji meupe yote ya Dokta yalikuwa kwenye ndoo mbili za plastiki nyuma ya injini, nimeyafunika na gunia, maana mtu hajui.

Dokta alisikia. Alitoka stoo bila viatu.

Tukaikosha chupa kubwa mara nyingi. Tukamimina yale maji meupe polepole, zebaki iliyobaki chini akaitenga kwenye kijichupa. Gongo ya chupani ilikuwa imekwisha, na ile iliyokuwa kwenye yale maji nilishaizimua kwa maji ya kuoshea. Dokta akaangalia huku na huku. Na mke wangu, mlokole, akatoka nyumba ya jirani na kikombe amekifunika kwa kanga, akanipa bila kuniangalia.

Saa nane mchana mawingu yakafunguka.

Mwanzoni hakuna kitu. Tulisubiri sana. Nikaanza kusema moyoni, si niliwaambia.

Halafu likatoka povu moja. Dogo, kama punje ya ulezi. Likapanda taratibu kwenye kioo, likafika juu, likapotea. Tukasubiri tena. La pili. La tatu na la nne yakafuatana. Haikuwa kuchemka. Ilikuwa kama kitu kinachopumua kimelala.

Akina mama wakaguna, wakaondoka. Bwana mnene akatazama mara moja akasema, "Ile ya asubuhi ilikuwa nzuri zaidi."

Yule mama akavua kofia yake pana, akaifunika chupa upande wa jua. Akahesabu kimya kimya. Mapovu yakapungua, yakakoma. Akaondoa kofia. Yakakaa kidogo, yakaanza. Akafunika. Yakakoma. Alifanya hivyo mara nne, magoti yamezama kwenye matope, na Dokta amesimama nyuma yake.

Mwisho akavaa kofia yake, akamwambia, "Asubuhi ungeweza kunyamaza tu. Tulishakuamini."

"Lakini ile haikukoma, mama," Dokta akasema.

"Ndiyo. Hii imekoma."

Akafungua daftari lake, akaandika mpaka betri ilipofika.

Chumba chake alijengewa, siyo Mpanda, mkoa mwingine, lakini ni humu humu nchini. Mama yake alihamia kwake na alizikwa na mwanawe. Sijui zaidi ya hapo na wala sitataja jina, msinisumbue kwa PM. Picha pia hakuna, wakati ule nani alikuwa na kamera Kakese.

Mashine yangu? Ilisaga kwa dizeli mpaka nilipoiuza. Haikuwahi kusaga kwa maji hata kisonzo kimoja cha mahindi. Povu lile la punje ya ulezi lisingezungusha hata feni ya mtoto. Wale wanaosema kesho kutwa tutajaza maji kwenye pikipiki, punguzeni mwendo. Na wale wanaosema ni uongo mtupu, nyie ndio mimi wa wakati ule, mna karai mkononi.

Dokta aliniambia baadaye kwamba dhahabu ilikuwemo siku zote. Zebaki yangu haikuweza kuibandua kwa sababu ni ndogo mno na imeshikana na unga. Nimeishi na neno hilo muda mrefu. Kitu nilichokijua kuliko vyote duniani kilikuwa mikononi mwangu na sikukiona, na nilikuwa na uhakika.

Hilo ndilo nililojifunza, sina jingine la kuongeza.

Aliniachia chupa moja ndogo ya unga ule. Iko dirishani Ilembo mpaka leo. Imechoka, inaweza kukaa saa nzima bila povu. Nikijisikia mkubwa sana, naifunika kwa kofia yangu, nasubiri ikome, kisha nafunua na kuomba radhi kwa nani sijui.

Gongo anaiongezea mke wangu, kijiko kimoja. Kanisani hajawaambia.

Mwenye ujuzi wa mambo haya aje hapa chini anieleze: baada ya miaka yote hii, unga ule bado una kazi, au ni mimi naona mapovu kwa imani kama alivyosema Nestori? Na wachimbaji wenzangu, semeni ukweli, nani kati yenu asingeuosha?